Idhini ya Mama na Uamuzi wa Daktari Wakati wa Kujifungua: Mwongozo Kamili

Sahihi ambayo mama ameweka kwenye fomu ya mapokezi si ruhusa ya kila kitakachofanywa mwilini mwake mpaka siku ya kurudi nyumbani. Inathibitisha tu kwamba alitia sahihi. Idhini yenyewe ni mazungumzo: mama ameelezwa jambo mahususi, amelielewa, anajua kwamba anaweza kulikataa, na amesema ndiyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa mkunga na daktari wanaotaka kuyafanya mazungumzo hayo vizuri hata saa inapokimbia. Mama na msindikizaji wake nao wataona humu wategemee nini.

Tutenganishe kwanza kazi mbili ambazo leba huzichanganya kila siku. Kazi ya daktari ni kujua hatua zipi zinafaa kitabibu, zipi hazifai, na ipi angeipendekeza yeye. Huo ndio uamuzi wake wa kitaalamu, na halazimiki kutoa tiba anayoamini itamdhuru mama. Kazi ya mama ni kuamua kama hatua iliyopendekezwa ifanyike mwilini mwake au isifanyike. Ndiyo maana haki ya kukataa ni pana kuliko haki ya kudai. Mama anaweza kukataa kuongezewa njia (kukatwa kidogo msamba, yaani nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ili mtoto apite), lakini hawezi kumlazimisha daktari aanzishe uchungu kwa misoprostoli kwenye kizazi chenye kovu la upasuaji, kwa sababu dawa hiyo inaweza kukipasua.

Makosa hutokea pande zote mbili. Daktari anayefunga mjadala kwa "mimi ndiye ninayejua" ameshika uamuzi usio wake. Lakini hata yule anayetaja njia tatu kisha anakaa kimya eti mama achague, naye amekwepa wajibu. Mama anastahili kusikia unapendekeza nini na kwa nini. Dharura nayo haiondoi wajibu huo, inapunguza tu urefu wa maelezo: jambo la dakika kumi kliniki huwa la sekunde ishirini leba.

Hatua ya 1: Anza kliniki, kati ya wiki ya 34 na 36

Mwanamke aliye katikati ya uchungu mkali hapaswi kuwa ndiyo kwanza anasikia kwamba kuna vakyumu, kifaa cha kumvuta mtoto kwa kikombe kinachonata kichwani. Tenga dakika 15 hadi 20 kliniki umweleze mambo yanayoweza kujitokeza: kupimwa njia (mlango wa kizazi kukaguliwa kwa vidole), kupasuliwa chupa ya maji ya uzazi, dripu ya kuongeza uchungu, kuongezewa njia, vakyumu au koleo, upasuaji, kuongezewa damu, na kondo la nyuma kutolewa kwa mkono. Kwa kila moja eleza hufanywa lini, huhisiwaje, na kama ana pingamizi. Andika majibu yake kwenye kadi ya kliniki. Yakibaki kichwani mwako hayatafika leba, maana zamu hubadilika na atakayempokea huenda si wewe.

Baada ya hapo zungumzieni hatari zinazomhusu yeye hasa. Hapa ndipo wahudumu wengi hukosea, kwa kuwa huhofia kumtisha mama. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mama aitwaye Montgomery. Mama huyo alikuwa na kisukari na umbo dogo, na kwa wanawake wenye kisukari hatari ya mabega ya mtoto kukwama ni kama asilimia 9 hadi 10. Daktari hakumwambia. Aliona kwamba madhara makubwa kwa mtoto ni nadra, na kwamba wakiambiwa, wengi wangechagua upasuaji. Mabega yakakwama kweli, na mtoto akazaliwa akiwa na ulemavu mkubwa. Mahakama ilisema kipimo si kile ambacho madaktari wenzake wangekitaja. Kipimo ni kama mtu mwenye busara, akiwa katika hali ya mama yule, angeiona hatari hiyo kuwa na uzito. Na angalia: ikiwa sababu ya kutolisema jambo ni kwamba mama akilijua atabadili mawazo, basi lina uzito, na ni lazima lisemwe.

Takwimu zitoe kwa hesabu ya watu na useme upande wa pili pia. Kwa mama mwenye kovu moja la upasuaji anayetaka kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida usiishie kwenye "ni hatari". Sema: "Katika wanawake 200 wa hali yako wanaojaribu, kama mmoja kovu lake hufunguka, na wengine kama 199 halifunguki. Karibu watatu kati ya wanne hujifungua kwa njia ya kawaida. Kovu likifunguka, maisha yako na ya mtoto yako hatarini, na ni lazima upasuaji ufanyike mara moja. Kwa hiyo ukijaribu, jaribu mahali penye chumba cha upasuaji." Ameijua hatari, ameijua nafasi yake, na amejua sharti.

Hatua ya 2: Anapofika leba, jua unazungumza na nani na muda gani

Uamuzi ni wa mama mwenyewe. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hutoa idhini na kutia sahihi kwa mkono wake, na sahihi ya mume, mama mkwe au dada haichukui nafasi hiyo. Wanaweza kumshauri akitaka washauri. Muulize faragha, kabla hawajaingia, anataka nani asikie habari zake. Kama hamwelewani lugha, tafuta mkalimani asiye ndugu, hasa kwa mambo ya virusi vya Ukimwi, historia ya mimba na uzazi wa mpango. Ndugu hutafsiri kile anachotaka kisikike.

Maumivu peke yake hayamwondolei mtu uwezo wa kuamua. Angalia mambo manne: anaelewa ulichomwambia, anakishika kichwani muda wa kutosha kuamua, anakipima, na anaweza kukupa jibu kwa njia yoyote, hata kwa kutikisa kichwa. Kifafa cha mimba, mshtuko wa kupoteza damu au dawa kali ya maumivu aliyodungwa muda si mrefu vinaweza kuvuruga moja ya hayo. Hapo pima upya baada ya muda. Usihitimishe kwamba hawezi kuamua kwa sababu tu amekataa unachokitaka.

Kisha chagua wakati wa kusema. Uchungu uliokolea huja mara tatu hadi tano katika dakika kumi, na kila mmoja hudumu karibu dakika moja. Katikati unabaki muda mfupi wa utulivu, na huo ndio muda wako. Mkazo ukianza nyamaza, ukiisha endelea, na kila pumziko libebe jambo moja tu. Maneno yote yaliyosemwa huku mama akiumwa hesabu kwamba hayakusikika, yarudie. Simama au kaa anapoweza kukuona uso. Mtu anayeombwa ruhusa na sauti inayotoka miguuni mwake hana nafasi ya kweli ya kukataa.

Hatua ya 3: Uliza kwa mpangilio uleule kila mara

Ukiuzoea mpangilio huu utautumia hata ukiwa na hofu. Ninachokiona. Ninachopendekeza na kwa nini. Kinachoweza kwenda vibaya. Njia nyingine, ikiwamo kusubiri. Wewe unasemaje?

Mfano wa dripu: "Mama, njia imefunguka sentimita 6 na haijabadilika kwa saa nne, na uchungu wako umepungua nguvu. Napendekeza dawa ya oksitosini kwenye dripu ili uchungu uongezeke. Utauma zaidi, na ukizidi sana unaweza kumchosha mtoto, kwa hiyo tutasikiliza moyo wake mara kwa mara na tutaifunga dawa ikibidi. Tunaweza pia kusubiri saa mbili huku ukitembea na kunywa, kwa kuwa moyo wa mtoto uko vizuri. Unaonaje?"

Akikubali, usiende mbali kabla ya kumwomba arudie: "Niambie kwa maneno yako tunakwenda kufanya nini." Ukimuuliza "umeelewa?" atajibu ndiyo hata kama hakuelewa, kwa heshima au kwa woga. Akirudia kwa makosa, hujapata idhini bado.

Na kunyamaza si ndiyo. Kupanua miguu si ndiyo. Kutopinga kwa mtu aliyechoka, aliye uchi, amezungukwa na watu waliovaa nguo za kazi, hakutoshi kwa jambo lolote lenye kisu, sindano au mkono ndani ya uke.

Hatua ya 4: Hatua kwa hatua ndani ya leba

Kupima njia. Omba ruhusa kila mara, hata kama umempima saa nne zilizopita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unashauri kupima kila baada ya saa nne katika awamu ya uchungu uliokolea, ambayo kwa mujibu wa mwongozo huo huanza njia ikifika sentimita 5. Kupima zaidi ya hapo kuwe na sababu unayoweza kuitaja. Mwambie vidole viwili vitaingia na kwamba akisema "acha" utatoa mkono. Akisema, toa, hata kama ulibakiza kidogo. Mwanafunzi naye aombe ruhusa kwa jina lake na cheo chake, kabla hajavaa glavu. Ruhusa ya mkunga mmoja haihamii kwa wanafunzi wanne waliosimama nyuma yake.

Ukiwa ndani kwa ajili ya kupima, pima tu. Kuzungusha kidole kuachanisha utando na mlango wa kizazi ili uchungu uanze ni tendo jingine, lina maumivu yake na linaweza kutoa damu. Kupasua chupa nako ni tendo jingine. Kuyafanya kimya kimya "kwa kuwa mkono ulikuwa umeshafika" ni miongoni mwa ukiukaji wa kawaida kabisa wa idhini, na wanaoufanya mara nyingi hawauhesabu kuwa ukiukaji.

Kupasua chupa. Mweleze kwamba tendo hili haliwezi kurudishwa nyuma. Kichwa kikiwa bado juu, kitovu kinaweza kutangulia na maji, na hapo upasuaji huwa wa dakika, kwa hiyo kama kichwa hakijashuka na kuziba mlango, usiombe hata ruhusa: usipasue. Sikiliza moyo wa mtoto kabla na mara baada ya kupasua, na mwambie mama rangi ya maji. Mwongozo huohuo wa 2018 haupendekezi kupasua chupa peke yake kwa lengo tu la kuzuia uchungu usichelewe.

Dripu ya oksitosini. Kukubali kuwekewa kanula (mrija mdogo wa mshipani) si kukubali dawa. Taja jina la dawa kabla ya kuichomeka kwenye chupa ya dripu, maana "dripu ya nguvu" inaficha kinachotolewa. Uamuzi wako wa kitaalamu unahitajika sana hapa. Mlango kufunguka polepole kuliko sentimita 1 kwa saa, peke yake, si sababu ya kuingilia kati kama mama na mtoto wako salama. Mama akikubali, mkazo ukizidi mara tano katika dakika kumi, au moyo wa mtoto ukitoka nje ya mapigo 110 hadi 160 kwa dakika na kubaki huko, funga dawa kwanza, eleza baadaye. Umempa ahadi hiyo alipokubali.

Kuongeza njia. Hii ni miongoni mwa hatua za leba zinazofanywa sana bila mama kuulizwa, na mara nyingi bila ganzi ya kutosha. Si jambo la kila mama wala la kila mzazi wa kwanza, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuifanya kama desturi. Sababu zinazokubalika ni chache: moyo wa mtoto umeshuka na kilichobaki kumzuia ni msamba tu, mtoto anavutwa kwa vakyumu au koleo na nafasi haitoshi, au msamba una kovu gumu, kwa mfano la ukeketaji au la mpasuko mbaya wa zamani.

Ombi lifanywe mara mbili. Mara ya kwanza ni kliniki au mwanzoni mwa leba, akiwa ametulia. Mara ya pili ni kichwa kinapoonekana na umeona sababu: "Mama, moyo wa mtoto unapungua. Nataka kukata sehemu ndogo hapa chini ili atoke upesi. Nitakuchoma ganzi kwanza. Patauma siku kadhaa, panaweza kuvuja damu au kupata maambukizi, na mkato unaweza kuongezeka. Nisipokata, mtoto atachelewa kidogo. Nikate?" Usiseme "nakusaidia kidogo." Maneno hayo yanaficha mkasi.

Akikubali, choma dawa ya ganzi, lidokeini ya asilimia 0.5, kama mililita 10, chini ya ngozi ya uke, chini ya ngozi ya msamba na ndani ya msuli. Vuta bomba la sindano nyuma kabla ya kusukuma dawa. Damu ikiingia, toa sindano na uchague sehemu nyingine, kwani dawa hiyo ikiingia kwenye mshipa inaweza kuleta degedege na hata kifo. Subiri dakika mbili, kisha minya pale kwa kibanio. Akihisi, subiri dakika mbili nyingine. Kata msamba ukiwa umekuwa mwembamba na sentimita 3 hadi 4 za kichwa zinaonekana wakati wa mkazo. Elekeza mkasi pembeni, nyuzi kama 60 kutoka mstari wa katikati, ukiepuka njia ya haja kubwa. Ganzi isipochomwa mapema haitakuwa imefanya kazi, na ndiyo sababu wengi huikata nyama hai wakisema mkazo umeshaua hisia. Haujaziua.

Akikataa, weka kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba, shika msamba na kichwa kwa mikono, na mwombe asukume taratibu. Mwambie wazi kwamba anaweza kuchanika, na kwamba michaniko mingi ya yenyewe ni midogo. Wakati wa kushona, ganzi ipimwe upya. Mama akisema anahisi sindano, anahisi.

Vakyumu. Mlango uwe umefunguka wote na kichwa kimeshuka. Mweleze kwamba kikombe kitaacha uvimbe kichwani mwa mtoto ambao kwa kawaida hupungua, kwamba mara chache damu huvuja chini ya ngozi ya kichwa na hilo ni hatari, na kwamba njia mbadala kwa hatua hiyo mara nyingi ni upasuaji. Ombeni pia, palepale, idhini ya upasuaji kama vakyumu itashindwa. Mivuto mitatu bila mtoto kushuka, au kikombe kuachia mara mbili, acha. Daktari anayeendelea kuvuta kwa sababu mama alikubali vakyumu anatumia idhini ya mtu kufunika uamuzi mbaya.

Kukandamiza tumbo kwa kiwiko ili mtoto atoke. Hili usiliombee idhini kabisa, kwa sababu halipaswi kufanywa. Ndiyo ya mama haigeuzi tendo lenye madhara kuwa salama.

Baada ya mtoto kutoka. Uniti 10 za oksitosini msulini ni kinga nzuri ya kuvuja damu, na ni jambo la kuelezwa kliniki ili leba ubaki ukumbusho tu. Kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kama mtoto anapumua vizuri. Kondo likikwama na ikabidi litolewe kwa mkono, maumivu ni makali mno. Mama aelezwe, akubali, na apewe dawa ya maumivu au usingizi kabla mkono haujaingia, isipokuwa anapoteza damu kiasi kwamba kusubiri ni kumpoteza.

Hatua ya 5: Upasuaji

Kwa upasuaji uliopangwa, fomu ijazwe kliniki au wodini na daktari atakayefanya au anayeujua vizuri, si na muuguzi aliyetumwa kuchukua sahihi. Taja kutoka damu nyingi na uwezekano wa kuongezewa, maambukizi, kuganda kwa damu miguuni au mapafuni, kuumia kwa kibofu, na, kwa nadra, kuondolewa kizazi ili kuokoa maisha. Jambo linalosahaulika ni mimba zijazo: kovu linaweza kufunguka, na kondo linaweza kujishikiza kwenye kovu, hatari ambayo huongezeka kwa kila upasuaji. Kwa mwanamke anayetaka watoto wengi, hilo laweza kuwa ndilo linalobadili uamuzi wake.

Kwa upasuaji wa dharura kali, ambapo vituo vingi hulenga mtoto atoke ndani ya dakika 30 tangu uamuzi, maneno ni haya: "Mama, moyo wa mtoto umeshuka na haupandi. Nashauri upasuaji sasa hivi. Tukichelewa anaweza kufa au kuumia ubongo. Kwako kuna hatari ya damu nyingi na maambukizi, na tumejiandaa. Unakubali?" Yasome kwa sauti uone: hayafiki nusu dakika. Mnaweza kuyasema huku mkisukuma kitanda. Ndiyo ya mdomo mbele ya shahidi inatosha kuanza, karatasi ifuate. Kumsimamisha mama asaini huku mtoto anakufa ni kuitumikia karatasi.

Kufunga kizazi ni suala jingine kabisa, hata kama tumbo limeshafunguliwa. Si dharura kamwe. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, linasema idhini yake isiombwe mwanamke akiwa katika uchungu. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Slovakia katika kesi ya mwanamke kijana aliyetia sahihi ya kufungwa kizazi akiwa leba, kabla ya upasuaji, baada ya kuambiwa kwamba mimba nyingine ingemuua yeye au mtoto. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia ilitoa uamuzi wa namna hiyo kwa wanawake walioishi na virusi vya Ukimwi waliotia sahihi wakiwa katika uchungu. Kama hakuomba mwenyewe mapema kwa utulivu, funga tumbo na umpe njia nyingine ya uzazi wa mpango baadaye.

Hatua ya 6: Mama akikataa

Usipandishe sauti. Muulize sababu, kisha sikiliza mpaka amalize. Mara nyingi kukataa upasuaji kuna jambo mahususi nyuma yake: ndugu aliyefia mezani, gharama, sindano ya mgongo, imani juu ya damu, au uzoefu mbaya wa leba iliyopita. Jambo hilo likijulikana, mara nyingi lina dawa. Rekebisha taarifa zisizo sahihi. Mwite daktari wa pili azungumze naye upya, bila wewe kumwambia mbele ya mama aseme nini. Taja njia iliyo salama zaidi kati ya zile anazozikubali, hata kama si unayoitaka, na ufanye hiyo kwa ukamilifu. Mwambie mlango uko wazi: anaweza kubadili mawazo dakika yoyote na hatalaumiwa.

Usimtishe kwamba atafukuzwa. Usimpe namba za uongo. Usimtume mume "akamlainishe". Usimwambie kwamba anataka kumuua mwanawe. Idhini iliyotoka kwa namna hiyo imelazimishwa, na mwanamke ataikumbuka maisha yake yote.

Daktari ataumia kuona hatari anayoweza kuizuia, na uchungu huo ni wa haki. Lakini mahakama kadhaa zilizopima jambo hili kwa kina zimeegemea upande wa mama. Washington, Marekani, mwaka 1987, mgonjwa wa saratani mwenye mimba ya wiki 26 alifanyiwa upasuaji kwa amri ya mahakama. Mtoto alikufa baada ya saa chache na mama baada ya siku mbili. Mwaka 1990 mahakama ya rufaa ilitengua amri ile. Nchini Uingereza, mwaka 1998, Mahakama ya Rufaa ilisema kumfanyia upasuaji bila ridhaa mwanamke wa wiki 36 aliyekuwa na shinikizo kali la damu la mimba kulikuwa kinyume cha sheria, hata kama maisha yake na ya mtoto yalikuwa hatarini. Sheria za nchi hutofautiana, hasa kwa wasichana walio chini ya umri wa utu uzima, kwa hiyo kituo kiwe na utaratibu ulioandikwa na namba ya mwanasheria wa kupigiwa usiku.

Idhini inaweza kuondolewa katikati. Anapopimwa, toa mkono. Anaposhonwa, kandamiza kidonda kwa pedi safi na ongeza ganzi huku mkizungumza. Tumbo likiwa limeshafunguliwa huwezi kuacha, lakini unaweza na lazima uongeze dawa ya ganzi au usingizi mama anaposema anaumwa.

Hatua ya 7: Dharura, na mama asiyeweza kujibu

Mama aliyezimia au anayetapatapa kwa kifafa cha mimba atibiwe kwa kile kinachohitajika kuokoa maisha na kuzuia madhara makubwa, basi. Kisizidishwe kitu kinachoweza kusubiri azinduke. Kama alikataa jambo mapema akiwa na akili timamu, kwa mfano aliandika kwamba hataki damu, maandishi yake yanaendelea kumsemea. Ndugu wanakusaidia kujua angetaka nini.

Mama akiwa na fahamu lakini hali ni ya sekunde, eleza huku unafanya. Mabega yamekwama: "Mama, mabega ya mtoto yamenaswa. Tunakunja miguu yako kuelekea kifuani, tutabonyeza juu ya kinena. Usisukume mpaka nikuambie." Damu inatoka kwa wingi baada ya mtoto: wakati wengine wanakanda kizazi, wanatoa oksitosini, na gramu 1 ya asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu kuvuja) mshipani kwa dakika kumi ndani ya saa tatu za kujifungua, mmoja asimame kichwani kwa mama. Kazi yake ni kumtazama, kumwambia kinachofuata na kuomba ndiyo yake. Mpangieni mtu huyo mwanzoni mwa zamu. Asipopangwa, kila mtu atashughulikia damu na hakuna atakayezungumza na mwenye damu.

Hatua ya 8: Andika, kisha rudi kuzungumza

"Mgonjwa ameshauriwa na amekubali" haimsaidii mtu yeyote. Andika saa, nani alisema, hatari zipi zilitajwa, mbadala upi, jibu la mama kwa maneno yake, na nani alikuwepo. Mfano: "Saa 8:10 usiku. Moyo wa mtoto mapigo 85, kwa muda wa dakika 6. Nimependekeza upasuaji wa dharura, nimetaja damu, maambukizi, hatari kwa mtoto tukisubiri. Mama: 'Nifanyieni, lakini dada yangu awepo.' Mkunga wa zamu alishuhudia." Kwa aliyekataa, andika sababu yake, ulichomweleza, mpango mliokubaliana na saa ya kuuliza tena. Ukiandika baadaye, taja saa uliyoandika, usirudishe nyuma.

Kabla hajaruhusiwa, kaa naye wakati mtoto amelala na hakuna wageni. Mwanzie yeye: anakumbuka nini, nini hakikueleweka, nini kilimuumiza. Jambo lililofanywa bila ruhusa litaje wazi na umwombe radhi, bila "lakini". Kisha mpe karatasi ya kwenda nayo yenye sababu ya kila hatua iliyofanywa na kiasi cha damu alichopoteza. Kama alipasuliwa, iandikwe pia mkato kwenye kizazi ulikuwa wa kukingama sehemu ya chini au wa wima, kwa sababu atakayemhudumia mimba ijayo hawezi kumshauri juu ya kujifungua kwa njia ya kawaida bila kujua hilo.